Matanga Yaliyotangulia Majibu

Mashine ya kupiga picha za matiti haina adabu. Inakushika, inakubana, inakulaza bapa kama chapati iliyokanyagwa na lori la mkonge, kisha mhudumu anakwambia, "Mama, usipumue." Nipumue na nini? Nilipiga yowe nikiwa Mombasa, na nina hakika ndovu wa Tsavo waliacha kula wakasikiliza.

Nilikwenda nikiwa mzima, na hilo ndilo lililowashinda watu kuelewa. Nilikuwa nimepita hamsini, basi. Katika masomo ya ngumbaru, nilikomalizia sekondari nikiwa tayari nina wajukuu, mwalimu wa bayolojia alitwambia saratani ya titi ikikamatwa ingali ndogo hutibika kwa urahisi zaidi. Mimi nikifundishwa kitu nakishika kwa meno. Na nilikuwa namfikiria wifi yangu, dada ya mume wangu, kuliko nilivyojifikiria mimi. Mama yao aliuficha uvimbe chini ya kanga mpaka ukawa kidonda. Tulimzika Bura. Tangu hapo wifi hakutaka hata kulisikia neno lenyewe. Nilipomwomba twende pamoja alinijibu, "Tangulia wewe. Ukirudi na matiti yote mawili, nitafikiria."

Basi nikatangulia. Siku chache baadaye nikiwa sokoni Voi, napanga kabichi zangu, simu ikalia. Hospitali. Kwenye titi la kushoto wameona kivuli, wangependa nirudi wakiangalie vizuri.

Wifi anauza nyanya meza ya pili kutoka yangu. Nikamnong'oneza. Ukimnong'oneza wifi yangu, hata kule Taveta wanasikia bila redio.

Huku kwetu mtu akifiwa, akina mama wa jumuiya ya kanisani hawangoji kualikwa. Kila mmoja anakuja na mzigo wa kuni kichwani na mtungi wa maji, maana msiba hauna jiko. Jioni ile nilifika nyumbani nikakuta wamejaa uani, na kuni za kuchemsha Ziwa Jipe lote. Mmoja amebeba sufuria ya kimanga, ule mseto wetu wa mihogo na maharage uliopondwa. Mwenyekiti wao ananyoosha mkono huku na huku.

"Pole sana, mama," akaniambia. "Hema tuliweke upande huu, ama kule kwenye ndizi?"

"Hema la nani?"

Wakatazamana. Nikamgeukia wifi. "Kwani nimekufa?"

"Bado," akasema, macho mekundu. "Lakini wamekuita, wifi. Hospitali haikuiti hivi hivi."

Nadhani mimi ndiye marehemu wa kwanza katika kaunti nzima kuwapikia chai waliokuja kumlilia. Tulicheka, tukala kimanga, wakaniombea sala ndefu, wakaenda zao. Waliponiacha, kicheko nacho kikatoka mlangoni pamoja nao. Nilijipapasa upande wa kushoto nikakosa kitu. Kitu usichokigusa unakiogopaje? Lakini nilikiogopa. Mimi, ambaye nikikohoa mtaa unajua, nilikaa kimya mpaka chai ikapoa kikombeni.

Nilirudi Mombasa. Wakanipima tena, wakanichoma sindano kutoa kipande kidogo, na wakati wa kungoja majibu nikambana daktari kwa maswali. Alikuwa mama mtaratibu. Akanieleza kwamba vivuli vingi huwa si chochote, ila havijulikani mpaka viangaliwe, kwa hiyo wako wanaopata hofu na sindano bure. Wako pia wanaokutwa na saratani ndogo ambayo pengine ingelala maisha yao yote isiwadhuru, lakini hakuna ajuaye ipi italala na ipi itaamka, kwa hiyo wanatibiwa. Na picha yenyewe inaweza kukosa kuona, kwa hiyo ukihisi mabadiliko, njoo hata kama jana uliambiwa uko sawa.

"Mbona hukuniambia haya mwanzoni?"

"Nilikwambia, mama. Ulikuwa unanieleza kabichi za Bura."

Majibu yalipotoka, hakukuwa na saratani. Nilimkumbatia daktari, mlinzi, na mgonjwa mmoja ambaye hakuwa amemaliza kuvaa.

Nilidhani wifi atafurahi tu. Alifurahi, kisha akaweka mikono kiunoni mbele ya soko zima. "Unaona? Umetobolewa bure! Umelizwa bure! Mimi siendi ng'o."

Mtu wa vituko kama mimi angeapa kwamba mashine ile ni malaika. Sikuapa. Nilivuta kigoda kando ya nyanya zake nikamwambia yote: hofu ya bure, sindano, na ile saratani ya usingizi. Nikamwambia pia, "Lakini mizani yangu si mizani yako, wifi. Mimi kwetu hakuna aliyeugua. Kwenu aliyeugua ni mama yako mzazi. Mwambie daktari hilo kabla ya kitu chochote."

Akageuza nyanya moja mkononi. "Ya mama wangeiona mapema?"

"Sijui. Pengine wangeiona ikiwa kama punje ya mtama."

"Na wewe wakikuita tena?"

"Nitaenda. Nikirudi nimelia bure, nitakuwa nimerudi."

Aliendelea kupanga nyanya mpaka mteja akaja. Jumatatu iliyofuata alinikuta nyumbani na kanga mpya begani, akaniuliza basi la Mombasa linaondoka saa ngapi.

Nilikaa kwenye benchi nje ya chumba cha picha, mlango umerudishwa tu. Nikamsikia akimweleza mhudumu habari za mama yake, zote, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo. Kisha mashine ikaanza kunguruma.

"Wewe kijana! Unabana ama unakamua?"

"Tumemaliza hili, mama. Limebaki la pili."

Nikashika mkoba alioniachia wifi kwa mikono miwili.

"Haya," wifi akasema. "Sogeza hiyo takataka yako huku."