Kitambaa Juu ya Mashine ya Risiti

Katika duka la vifaa vya ujenzi la baba mdogo, pale Kiboriloni, mashine ya risiti ilifunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kama watu wanavyofunika televisheni. Kilifumwa na binti yake wa pekee kabla hajaolewa Dar. Kila mteja wa mabati au saruji aliulizwa kwanza:

"Na risiti au bila?"

"Tofauti yake nini, mangi?"

"Ukitaka risiti unalisha serikali. Ukiacha, unalisha wanao."

Wateja walicheka, wakachagua wana wao. Watu wa kodi walipopita, kitambaa kilitolewa na mtandao ukasingiziwa.

Huku juu kijijini, nyuma ya zahanati, kulikuwa na boma la chumba cha kujifungulia. Utaratibu tunaujua: wananchi wanapandisha kuta, serikali inapaua. Tulibeba mawe ya mtoni kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, kina mama wakabeba mchanga. Kuta zikafika kwenye lenta, tukaanza kungoja paa. Diwani alikuja kila mwaka na jibu lilelile: makusanyo hayakufikia lengo, fedha hazijashuka. Maboga yakaota ndani ya kuta zile, yakazaa, tukayala.

Desemba iliyopita watu walipanda nyumbani kwa Krismasi, kama desturi yetu. Binti wa baba mdogo alikuja na mimba kubwa. Uchungu ulimshika mchana wa sikukuu, ndafu ikiwa bado motoni. Tulimkimbiza zahanati. Muuguzi alitutazama sisi, akaitazama foleni kwenye benchi.

"Hapa sina pa kumzalishia. Vifaa viko ghalani wilayani, vinangoja chumba chenye paa. Twendeni mjini."

Alipanda naye nyuma ya pikapu ya baba mdogo, juu ya maturubai. Mvua ilikuwa imenyesha na barabara ilikuwa tope tupu. Mtoto alizaliwa kwenye kona ya chini ya kanisa. Alikuwa wa kiume. Muuguzi alimpulizia kwa mdomo wake mwenyewe hadi tulipoufikia mji, lakini hakulia.

Tulimzika kihambani, kwenye shamba la ukoo, katikati ya migomba. Baada ya sala baba mdogo alisimama mbele ya watu.

"Serikali hii inakula kodi zetu," alisema, "halafu wajukuu zetu wanafia njiani."

Watu waliguna kukubaliana naye. Mama yangu alikuwa akiosha vikombe kando.

"Kodi zipi, shemeji?"

"Mama, huu si wakati wake," mzee mmoja alimwambia.

"Basi mtanitangazia wakati wake ukifika." Akaendelea kuosha.

Januari baba mdogo alileta mabati, na boma likapauliwa. Jina lake lilitajwa kanisani na watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Tulikuwa tunamshukuru kwa kuturudishia kipande cha kile alichokuwa anakizuia miaka yote, na tena kama zawadi. Vijiji vingine ambako wateja wake wamejenga havikuwa na mjukuu wake wa kuzika, kwa hiyo havikupata bati.

Wiki chache baadaye nilipita dukani. Binti yake, ambaye alikuwa bado nyumbani akipata nguvu, alikaa kwenye kigoda akifuma. Akaingia mzee mmoja kutoka upande wa Rombo.

"Shikamoo, mzee," baba mdogo alimwamkia.

"Marahaba, mangi. Nataka saruji."

Baba mdogo alimtazama binti yake, akanitazama mimi, kisha akasema, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake:

"Na risiti au bila?"

Sindano ilisimama.

"Bila," mzee akajibu. "Risiti nitaipikia nini?"

Binti aliinuka. Alikitoa kitambaa chake juu ya mashine, akakikung'uta vumbi la saruji, akakikunja na kukitia mkobani. Akatoka bila kuaga, akashika njia ya kupanda nyumbani.

Baba mdogo aliitazama mashine iliyobaki wazi. Kisha akavua kofia yake, akaifunika nayo.