Sufuria Iliyokwenda Mnadani

Upepo ulipong'oa mabati ya darasa la sita, komite ya wazazi ilinipa mimi, mwalimu wa darasa hilo, kazi ya kuchagua vitu vya mnada wa kutafuta pesa za paa. Wanunuzi wa dhahabu wangekuja kutoka machimbo ya Salamabila, na sikujua wangependa nini. Wazazi walikuwa wameniletea samaki wakavu wa mtoni Nyangwe, mikeka miwili, jogoo mwekundu na madumu ya mawese. Nilivipanga mezani, nikavipangua, nikavipanga tena. Niliogopa wangetazama tu kisha wawashe pikipiki zao.

Ndipo mama mmoja mjane, mwenye watoto watatu pale shuleni, akaleta sufuria kubwa iliyosuguliwa ikang'aa. Nilijua hana nyingine.

"Mama, rudi nayo tu," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Vitu vimetosha."

Akanikazia macho. "Mwalimu, mvua iko inakuja. Watoto wangu watalowana sawa na wengine. Uiweke."

Nikaiweka mezani. Kumbe ndiyo iliyogombaniwa kuliko vyote. Mnunuzi mmoja alipandisha bei, mwingine akamzidi, watu wakashangilia, na mama yule akapiga vigelegele. Mimi sikuweza kumtazama.

Mnada ulipokwisha nikamfuata. "Sasa leo utapikia nini?"

"Nitaazima kwa dada yangu," akasema, akaondoka haraka.

Mabati yalirudishwa kabla ya mvua kubwa. Lakini kwa wiki nyingi, kila asubuhi nilipowaona watoto wake watatu, niliwauliza kwanza kama wamekula.