Saba Zilizokataa Kuwa Nane

Rafiki yangu anauza viatu vya mitumba Mchikichini, na Jumapili anapiga dramu kwenye kwaya yetu. Mimi napiga gitaa la solo. Wote tumetoka kusini, yeye Newala, mimi Masasi, na tulipokutana kwaya tuligundua kwamba kila mmoja wetu anajiamini kupita kiasi. Tukapatana.

Siku moja nilimpitia kibandani kwake nikamkuta anasugua raba nyeupe kwa mswaki.

"Mambo?"

"Poa. Kaa hapo. Sikiliza hiki kidude."

Akanivika hedifoni zake. Kilichoingia masikioni kilikuwa gitaa zito kama lori linalomwaga kokoto, dramu zinakimbia huku na huku, na jamaa mmoja ananguruma. Kisha kimya, kinanda laini, na jamaa yule yule anaimba kwa sauti tamu kama anabembeleza mtoto. Kisha kokoto tena. Rafiki yangu alisema muziki huo unaitwa progressive metal, akanitafsiria mwenyewe: "metali ya maendeleo". Utadhani mradi wa kata.

"Hilo gitaa huliwezi," akasema, akarudi kwenye raba yake.

Mimi ni mtu mzima, nina miaka thelathini na nne, na nina kazi ya heshima kwenye duka la vifaa vya ushonaji Kariakoo. Ningeweza kucheka nikaenda zangu. Badala yake nikamwambia, "Nitumie huo wimbo. Nipe mwezi mmoja."

Nimepanga chumba ghorofa ya tatu kwenye jengo la zamani la Kisutu, na kila nikitoka dukani nilianza kukaa kitandani na gitaa, amplifaya ndogo miguuni. Kwenye simu niliweka programu ya kupunguza kasi ya wimbo. Nikaupunguza hadi nusu. Kwa mwendo huo yule anayenguruma alisikika kama ng'ombe mwenye mawazo. Nikapasua boksi tupu la zipu, na upande wa ndani nikaanza kuchora ramani ya wimbo kwa kalamu nene. Kipande cha kwanza: nne, kawaida. Kipande cha pili: nne, ila ina haraka. Kipande cha tatu: Mungu anajua.

Nyimbo zote nilizokulia, za kanisani, za harusini, za bendi, unazihesabu nne nne na unafika salama. Kipande cha tatu kilikuwa kinaanza upya kabla mimi sijafika. Nikihesabu hadi nane, gitaa limeshaondoka. Kwa siku tatu niliamini kabisa kwamba wanamuziki wale wamekosea na mimi muuza vifungo ndiye niliyewagundua. Siku ya nne nikakubali kwamba ni saba. Pigo moja wameling'oa makusudi, ndiyo maana msikilizaji anajisikia kama mtu anayeshuka ngazi iliyokosa kipandio.

Kujua ni saba hakukunisaidia. Vidole vyangu vilishazoea nane, na kila nikifika mwisho vilisimama kidogo kumsubiri yule wa nane ambaye hayupo. Wiki tatu nilipiga hivyo hivyo.

Jumamosi moja mchana mlango ukagongwa. Nikazima amplifaya haraka. Aliyesimama pale alikuwa mama wa ghorofa ya pili, Mhindi, mjane wa miaka sitini na kitu, ambaye mpaka siku hiyo tulikuwa tunasalimiana naye ngazini tu. Mikono yake ilikuwa na unga hadi kwenye viwiko.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ni wewe unapiga kile kitu?"

"Ni mimi. Samahani sana mama, nitapunguza sauti."

"Nani amesema sauti? Sauti haina shida. Shida ni hesabu. Wiki ya tatu unanipigia saba na nusu."

Nikafungua mlango wote.

"Mimi nasukuma chapati kwa hiyo hesabu," akaendelea. "Nafika mwisho, nataka kugeuza, wewe umesimama. Unamsubiri nani?"

Ndipo nikajua kwamba tangu akiwa msichana alikuwa akipiga tabla hekaluni, zile ngoma mbili ndogo za Kihindi zinazopigwa kwa vidole, na kwamba saba kwake ni kitu cha kawaida kama chai. Hakuomba ruhusa. Alikaa kwenye kiti changu cha plastiki, akavuta ndoo yangu ya maji, akaipiga ubavuni huku akiimba: tin-tin-na, dhi-na, dhi-na. Tin-tin-na, dhi-na, dhi-na.

"Usihesabu saba. Saba ni ndefu, utapotea njiani. Sema tatu, mbili, mbili. Na usiseme kwa namba. Tafuta maneno."

Nikaangalia huku na huku chumbani. Macho yakatua kwenye boksi la dukani.

"Vi-fu-ngo, zi-pu, u-zi," nikasema.

Akatikisa kichwa kwa ule mtindo wao ambao hujui kama ni ndiyo au hapana. "Vifungo, zipu, uzi. Haya, piga."

Nikapiga. Mara ya kwanza vidole vikasimama. Mara ya pili akanipiga goti kwa kiganja chenye unga pale pale nilipotaka kusimama, nikashtuka nikaendelea, na saba ikazunguka. Ikazunguka tena. Nilipiga dakika nzima bila kuvuta pumzi. Yeye akainuka, akasema chapati zake zinakauka, akaondoka. Suruali yangu ilibaki na alama ya mkono mweupe.

Baada ya hapo wimbo ulianza kufunguka. Kuna mahali saba zinapita mara nne halafu inaingia tano moja peke yake, nikaipa "sindano, uzi". Kuna mahali, na hapa ndipo nilipouheshimu wimbo ule, dramu zinatembea nne nne wakati gitaa linatembea saba saba. Wanaachana, kila mmoja na njia yake, unadhani wamegombana, na baada ya mapigo ishirini na nane wanakanyaga chini pamoja. Nilifanya hesabu hiyo juu ya kaunta dukani, mteja akisubiri mita mbili za lastiki. Nilimkatia tatu.

Halafu ikaja Jumapili ya aibu. Ulikuwa wakati wa sadaka, kwaya inaingia kwa hatua, kushoto kulia, kushoto kulia, na mimi nikiwa na furaha tele nikaanza kipande cha solo. Vidole vikajiendea vyenyewe. Vifungo, zipu, uzi. Pigo moja likapotea, na nusu ya kwaya ikabaki kushoto huku nusu nyingine imeshakwenda kulia. Sauti ya kwanza ikakanyagwa na sauti ya tatu. Kiatu kimoja kikatoka. Nikamgeukia rafiki yangu aniokoe, nikamkuta amefumba macho, anatabasamu, ananifuata kwenye saba hiyo hiyo kwa raha zake.

Baada ya ibada mwalimu wetu wa kwaya, mama mpole ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, alituita nyuma ya jengo.

"Leo mliingiliwa na nini?"

"Ni saba, mwalimu," rafiki yangu akasema.

"Basi muiache huko mlikoitoa." Mimi akaninyang'anya gitaa la kwaya kwa wiki nne na kunipa kayamba, pamoja na maagizo kwamba niitikise mwisho wa ubeti tu. Rafiki yangu hakupewa adhabu yoyote, maana mpiga dramu tunaye mmoja.

Habari hii ilimchekesha mama wa ghorofa ya pili mpaka akashika ukuta. Ndiye aliyeamua kwamba lazima tupige sote watatu, juu ya paa la jengo, Jumamosi alasiri. Rafiki yangu akaja na dramu moja, sahani moja ya shaba na ndoo mbili. Mama akapanda na tabla zake zimefungwa kwenye kanga, vidole vinanuka dawa ya kuchua, kwa sababu viungo vinamuuma siku hizi na alikuwa hajazigusa muda mrefu. Tukakaa katikati ya mashuka ya watu yaliyoanikwa. Nikawawekea wimbo kwanza wausikie.

"Huyu ananguruma hivi, anaumwa?" mama akauliza.

"Ndiyo mtindo, mama."

"Sisi hatutanguruma."

Tukakubaliana. Mara ya kwanza nilikosea mimi. Mara ya pili rafiki yangu alikosa ndoo akapiga goti lake. Mara ya tatu alikosea mama, tulimsikia wote wawili waziwazi, na yeye akatukazia macho akasema, "Mmechelewa." Tukaomba radhi.

Mara ya nne tulifika pale penye kuachana. Rafiki yangu akashika nne zake, mimi na mama saba zetu. Nilikuwa nimejiandaa kuhesabu, lakini katikati nikagundua sihesabu wala sisemi maneno, nasikiliza tu vile vidole vyenye maumivu vikigonga ngozi karibu na bega langu. Na pigo la kukutana lilipofika, tulilikanyaga sote watatu, kwa pamoja, kwa nguvu, kiasi kwamba mama mmoja aliyekuwa anaanua nguo aliangusha beseni.

Tulipiga kelele kama watu waliofunga goli. Mama wa ghorofa ya pili alikuwa anacheka na kupuliza vidole vyake kwa zamu. Rafiki yangu hakusema kwamba nimeweza, hawezi kusema hivyo, ila alinipa mkono na kuushikilia muda mrefu kuliko kawaida. Halafu tukamsaidia yule mama kuokota nguo zake, tukafunga tabla kwenye kanga, tukashuka nazo, mama wa ghorofa ya pili ametangulia, akituamuru tusizigonge ukutani.