Msomaji wa Pili na Gunia Letu

Mdogo wangu alifika kutoka Kahawa Wendani Jumamosi moja, akaketi kwenye kreti nyuma ya meza yangu ya mboga hapa Kiganjo, asinisaidie kukata sukuma. Nikajua kuna jambo. Chuo hakingempa digrii yake ya pili kabla makala yake haijakubaliwa na jarida la wasomi. Alikuwa ameandika jinsi sisi wachuuzi tunavyohifadhi mboga bila friji. Jarida likawapa wasomaji wawili waipime, wao wasijue ni ya nani, naye asijue ni kina nani.

"Wa kwanza ameisifu kwa mistari miwili," akasema. "Wa pili ameandika kurasa tatu. Dada, huyu mtu ananichukia. Naiondoa."

"Atakuchukia aje na hakujui?"

Mimi niliacha shule darasa la saba, mwaka tuliomzika mama, kwa hivyo nilimwomba anisomee polepole, kwa Kiswahili. Alipofika palipoulizwa, "Gunia la aina gani? La nailoni huchemsha mboga," niliangua kicheko.

"Unacheka nini?"

"Huyo ameuza mboga. Ama amelelewa na aliyeuza."

Kumbe mdogo wangu alikuwa ameandika "gunia lililoloweshwa" tu. Tangu utotoni hajaniona nikifunika sukuma kwa gunia lingine ila la katani, basi hakuona cha kueleza.

"Nitamwambia nimekulia chini ya meza hii."

"Si mmefichwa majina?"

Akalisoma tena lile swali.

"Basi mwonyeshe."

Alilala kwangu wiki nzima. Kila jioni tulifunika fungu moja kwa katani na jingine kwa nailoni. Asubuhi anaingiza kipimajoto kati ya majani na kuandika. Siku ya tatu sukuma ya nailoni ilikuwa njano. Jirani yangu muuza nyanya akamwita, "Daktari! Huyu mgonjwa ameshakufa, mpeleke mochari!" Hata mdogo wangu alicheka. Kisha akajibu zile kurasa tatu, swali kwa swali.

Baada ya miezi miwili akanipigia simu akilia. Ilikuwa imekubaliwa.

"Na yule wa pili amesemaje?"

"Kwamba sasa ameliona gunia."

Siku hizi mteja akiinua gunia langu na kulichunguza, simuulizi kitu. Namwongezea majani mawili. Huwezi jua.