Siku Baba Alipoushusha Upinde

Juzi, katika duka la nyama pale Tottenham, niliona kanga wawili walionyonyolewa na kugandishwa. Niligeuka nimwonyeshe mtu, nikakumbuka kwamba nilikuja peke yangu.

Kwetu Fizi, baba aliwinda kanga kwa upinde. Wenzake walijenga vibanda vya kujificha. Yeye alijibanza vichakani tu. Alasiri moja alinichukua, akanikalisha hatua chache kutoka kwake, penye harufu ya nyasi zilizoungua.

"Ukitulia kabisa, mwanangu, huonekani," alininong'oneza.

Nilimwamini kupita kiasi. Kanga walikuja wakichakura majani makavu, wakapita karibu yangu bila kushtuka. Nikamtazama baba, na macho yake pia yakanipita. Leo najua alikuwa akilenga. Siku ile nilidhani nimetoweka moja kwa moja, na machozi yakanitoka kimya kimya.

Baba alikuwa ameshauvuta upinde. Aliponiona, akaushusha na kusema kwa sauti, "Nakuona, mwanangu. Nakuona."

Kanga wote wakaruka.

Jioni tulikula ugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Mama alipouliza nyama iko wapi, baba alijibu kwamba upepo uligeuka.