Mkato Uliouza Ng'ombe Wangu

Ipo siku moja ambayo sijaisahau, mwanangu, nami nataka uiandike jinsi ninavyoitamka, bila kuipamba.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakati wa kiangazi kikali, nami nikiwa mama kijana hapa Kisaju. Babu yako alikuwa amehamisha mifugo hadi upande wa Oltepesi kutafuta majani. Miongoni mwao alikuwamo ng'ombe mwekundu niliyepewa nilipoolewa, naye alikuwa na mimba. Alikuwa wa nyumba yangu, kwa hiyo babu yako hangeweza kumwuza bila neno langu. Maziwa yake ndiyo niliyoyategemea kwa watoto mvua itakaporudi.

Jioni moja dereva wa lori aliniletea swali la babu yako: mnunuzi wa ng'ombe wangu amepatikana, je, aendelee kumweka mpaka mvua inyeshe? Nilihofia kwamba jibu la mdomo lingegeuka njiani. Nikamwita mama yako, Nasieku, aliyekuwa darasa la sita, nikamwambia aandike: "Hapana uza ile ng'ombe yangu." Unajua tunavyosema huku. Mtu akisema "usiuze," tunamwuliza ametoka Mombasa lini.

Sasa, wiki hiyo Mwalimu Wekesa, mtu wa Bungoma aliyepanga chumba Kitengela, alikuwa amewafundisha mikato. Sentensi ikianza kwa Ndiyo au Hapana, weka mkato. Mama yako alikuwa mtoto mtiifu. Aliuweka. Dereva akaondoka na karatasi.

Mvua ilipoanza, babu yako alirudi. Nilisimama mlangoni mwa boma nikiwatazama ng'ombe wakiingia, mpaka wa mwisho.

"Yule wangu ako wapi?"

"Si uliniambia niuze?"

Akafungua fundo la shuka yake, akatoa karatasi, akasoma polepole kama alivyofunzwa katika darasa la watu wazima. "Hapana." Akavuta pumzi. "Uza ile ng'ombe yangu."

Sikuweza kumlaumu. Aliuliza kama amweke, akajibiwa hapana. Ng'ombe wangu alikwisha kupelekwa machinjioni, na ndama wake tumboni.

Kesho yake nilipeleka karatasi shuleni. Mwalimu aliisoma, kisha akanisihi niyarudie maneno yangu mbele ya darasa. Nikayarudia. Akamgeukia mama yako.

"Nasieku, mama amepumzika hapa baada ya hapana?"

"Hapana, mwalimu."

Msichana mmoja wa nyuma akauliza, "Mwalimu, na hiyo yake iko na mkato ama haina?"

Darasa likacheka. Mama yako akainamisha kichwa.

"Iko," mwalimu akasema, "kwa sababu hiyo hapana imesimama peke yake. Ya mama imeshikana na uza. Ukiitenganisha, umeuza."

Akaandika sentensi zote mbili ubaoni, akawasomesha kwa sauti, ile yenye pumziko na ile isiyo nalo, mpaka kila mtoto akasikia ng'ombe akiondoka na ng'ombe akibaki. Kisha akasema, "Mimi niliwafundisha kuitazama hapana. Sikuwafundisha kuisikiliza. Kuanzia leo, ukiandika maneno ya mtu, msomee kwanza."

Mwaka ule majani yalijaa kila mahali, na nyumba yangu ikanywa chai ya rangi. Sikumchapa mama yako. Kila asubuhi alikitazama kikombe chake, na hiyo ilitosha.

Mwanangu, sikusoma, lakini sikiliza. Zijue sheria za mwalimu, zote, wala usizidharau. Lakini sheria haijui nani anasema na anataka nini. Hilo ni lako kulijua. Unapoandika maneno ya mtu mwingine, umeshika mali yake mkononi. Usimpumzishe mahali ambapo hakupumzika, wala usimharakishe mahali aliposimama. Usione haya kumsomea. Mimi sijui herufi hata moja, lakini ukinisomea nitaujua mkato usio wangu.

Basi nisomee haya tangu mwanzo, na ukifika penye mkato, nyamaza kidogo nisikie. Ukimaliza, sogeza kichwa nikutemee mate ya baraka. Enkai, Mungu wetu, akupe mkono mtulivu, akupe masikio, na zizi lako lisikose wa kukamuliwa.