Plaki ya Mama Joël

Perpétue wa Kashojwa alikuwa na macho ya mtu anayehesabu vijiko wageni wakishaondoka. Hakuwa mchoyo, wala hakuwa na chuki na mtu. Maisha ndiyo yaliyomfunza hivyo.

Kule Uvira mumewe alikuwa na karakana ya kuchomelea vyuma. Watu wa mtaa walishangaa kumwona mke akishika mashine, lakini Perpétue alifanya kazi ubavuni mwa mumewe mpaka mkono wake ukawa mzuri kuliko wa vijana wote waliojifunza hapo. Mume alipofariki, shemeji yake alikuja akilia kuwazidi wafiwa wengine. Alimkumbatia, akamletea karatasi, akamwambia aweke kidole, kwamba ni mambo ya mazishi tu. Kabla matanga hayajaondolewa, karakana ilikuwa na kufuli jipya na ufunguo uko mfukoni mwa shemeji. Baadaye vita viliwatawanya wote, na Perpétue akavuka mipaka na Joël na watoto wake wengine mpaka kijiji cha Kashojwa, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka: tangu siku zile, mtu akimchekea sana, yeye alishika pindo la kitenge alikofunga pesa zake.

Nakivale alianza kwa kuziba sufuria na kuchomelea milango ya bati. Kisha akaingiwa na wazo la kutengeneza tukutuku. Aliunga mabomba ya maji na vyuma vya vitanda vilivyotupwa, akaweka magurudumu mawili nyuma na moja mbele, akajenga sanduku la mbao la kubebea mizigo. Injini ya pikipiki aliinunua kwa Kizito, muuza vipuri vilivyotumika, Mkongo mwenzake aliyeimba naye kwaya moja. Kiangazi chote kiliishia kwenye kazi hiyo. Chombo kilipowaka kwa mara ya kwanza, kuku wa jirani walikimbia na hawakurudi mpaka jioni.

Ndani ya makazi hakuna aliyemuuliza kitu. Alibeba mahindi, maharage, mitungi ya maji, na siku nyingine wagonjwa. Shida ilianza siku uchungu wa uzazi ulipomshika Ancilla, jirani yake. Mtoto alikaa vibaya tumboni, wauguzi wakasema apelekwe Mbarara, na gari la wagonjwa lilikuwa limeshaondoka na mwingine. Perpétue alitandika godoro kwenye sanduku, wakamlaza Ancilla, wakaondoka.

Kwenye kizuizi cha polisi askari aliinua mkono, akaizunguka ile tukutuku polepole.

"Wewe mama, hii kitu ni nini?"

"Ni tukutuku."

"Ya kampuni gani?"

"Ya mikono yangu."

"Nambapleti iko wapi?"

"Plaki haiko bado, afande. Huyu mama anakufa."

Askari alimtazama Ancilla, akasogea pembeni. "Peleka mgonjwa. Ukirudi, tutaongea."

Ancilla alijifungua salama, mtoto wa kike. Perpétue aliporudi, askari hawakuwa na mengi ya kuongea. Tukutuku ilikokotwa hadi uwanja wa polisi Mbarara, na yeye akapanda taksi kurudi nyumbani na ufunguo mkononi kama mtu aliyebaki na mkia wa mbuzi.

Hata hajavua viatu, Thaddée alibisha hodi. Huyu Thaddée alikuwa Mrundi mwenye duka la chumvi na sabuni, mtu wa maneno laini.

"Pole sana, Mama Joël. Nimesikia wamekamata chombo. Bon, mimi niko na mtu kule Mbarara, jina lake Natanaeli. Yeye ni raia wa hapa. Tunaandikisha chombo kwa jina lake, plaki inatoka haraka, wewe unaendelea na kazi."

"Na kikisha kuandikwa kwa jina yake, kitakuwa cha nani?"

"Chako kabisa! Ni karatasi tu. Sisi wakimbizi lazima tuaminiane."

Neno hilo la kuaminiana lilimsimamisha Perpétue nywele. Alimshukuru, akafunga mlango, akakaa kitandani akiwaza. Ameshuka taksi sasa hivi. Hajamwambia mtu hata mmoja. Thaddée amesikia kwa nani? Na mbona dawa imekuja mbio hivi, kana kwamba ilikuwa imeandaliwa kabla ya ugonjwa?

Alikwenda Mbarara mwenyewe. Baada ya kuelekezwa huku na huku kwenye ofisi za Kamukuzi, alifikishwa kwa mkaguzi wa magari aliyeitwa afande Muhirwa, Mnyankore mnene mwenye sauti ya chini. Muhirwa alimweleza taratibu kwamba mkimbizi anaweza kuandikisha chombo kwa jina lake mwenyewe. Atatafuta namba ya kodi, chombo kitakaguliwa breki, taa na vioo, kisha chasisi itagongwa namba yake, kwa kuwa haikutoka kiwandani. Perpétue alisikiliza huku akingoja aombwe chai. Hakuombwa. Hilo nalo lilimtia wasiwasi. Kwa nini mtu asiyemjua amfanyie wema bure?

Walipofika uwanjani iliposimama tukutuku, Muhirwa aliinama akafuta matope kwenye injini, akasoma namba zake, akaingia ofisini. Alipotoka, uso wake ulikuwa mwingine.

"Nyabo, hii injini ulitoa wapi?"

"Nilinunua kwa Kizito wa Kashojwa."

"Hapa inaonyesha iko ya pikipiki ya Junior Wilondja. Unamujua?"

Nani Kashojwa hakumjua Junior? Alikuwa mwendesha boda, mdogo wake Kizito, aliyegongwa na lori kwenye barabara ya Mbarara na kuzikwa huku kwaya nzima ikiimba.

"Alikufa, afande."

"Basi lete wenye mali yake. Ukikosa, hii ni mali ya wizi, na wewe ndiyo unaikalia."

Duka la Kizito alilikuta limefungwa. Majirani wakasema amekwenda makazi ya Oruchinga kumwona ndugu mgonjwa. Alirudi kesho yake, akarudi tena, kufuli liko palepale. Ugonjwa gani huu usiopona wala kuua? Perpétue alianza kuunganisha mambo kichwani kama anavyounganisha vyuma. Labda Kizito alimuuzia injini akijua itakamatwa. Labda mjane wa Junior yumo. Wameuza, sasa wanangoja waje wadai tena. Labda Thaddée naye yumo. Ilifika siku akajikuta amesimama karibu na duka la Thaddée, akisema moyoni kwamba huyo Natanaeli angalau hataulizia injini. Alisimama pale mpaka Thaddée akamwona na kutabasamu. Lile tabasamu ndilo lililomgeuza. Akashika njia ya Rubondo, upande wa ziwa, anakoishi mjane.

Yvette alikuwa msichana bado, mwembamba, anageuza samaki juu ya moshi. Alimpa mgeni kigoda bila kumtazama sana.

"Karibu. Weye ndiye ule mama wa tukutuku. Nasikia banaikamata."

"Nani alikuambia?"

"Bantu."

Perpétue hakulipenda jibu hilo la watu wasio na jina, ila hakuja kwa ajili hiyo. "Yvette, pikipiki ya Junior iko fasi gani?"

Mkono wa Yvette ulisimama juu ya samaki. "Juu ya nini unaniuliza?"

"Niko nauliza tu."

"Iliungua. Yaya Kizito, shemeji yangu, aliniambia iliungua yote fasi ya aksida, hata msumari haukubakia. Alisema nisiende kuangalia, nitaumia roho."

Moshi ulimwingia Perpétue machoni lakini hakusogea. Alikuwa amekuja kumtafuta mwizi, akamkuta mwenzake: mjane, shemeji mwenye huruma nyingi, mali iliyopotea wakati machozi hayajakauka. Na safari hii mali iliyopotea alikuwa ameikalia yeye. Angeweza kuaga na kuondoka. Msichana huyu asingejua kamwe.

"Haikuungua," akasema. "Moteri yake, ile injini, iko kwangu. Kizito aliniuzisha."

Yvette hakulia. Alimtazama kwa macho ambayo Perpétue aliyafahamu vizuri, kwa kuwa yalikuwa yake mwenyewe.

"Weye na Kizito munaimbaka pamoja kwa kanisa."

"Ndiyo."

"Mulipanga nini?"

"Hakuna kitu tulipanga! Kama tungepanga, ningekuja kukuambia?"

"Umekuja juu polisi imekushika. Kama haingekushika, ungekuja?"

Perpétue alihisi uso ukimwaka moto, yeye aliyezoea kuwatilia watu shaka, leo akitiliwa shaka kwenye kigoda cha mwenyeji, tena kwa haki.

"Sikiliza, mwanangu," akasema mwishowe. "Vyuma ni vyangu, moteri ni ya kwako. Twende Mbarara baandike majina yetu yote mbili, na kazi tugawane. Ukikataa, nitaifungua nikurudishie, na plaki ibakie."

"Nitafikiri," Yvette akasema, akaendelea kugeuza samaki.

Perpétue alirudi nyumbani akiwa na hakika kwamba amejitia kitanzi. Siku zile alikonda. Kisha Jumatatu moja asubuhi, Yvette alisimama mlangoni pake amevaa viatu vya safari.

"Kadi ya pikipiki iko hapa," akasema akigusa kifua chake. "Junior aliificha kwa godoro, Kizito hakuijua. Lakini sitakuachia. Tunakwenda sote."

Safari hiyo haikuwa na maneno. Ndani ya taksi kila mmoja alikumbatia mfuko wake, na hakuna aliyekubali kusinzia. Afande Muhirwa alipochukua kadi kuitazama, Yvette hakuiachia upande wa pili. Wakabaki wameishika wote wawili kama wanaovutana kamba, mpaka mkaguzi akacheka.

"Nyinyi ni ndugu?"

"Hapana," walijibu kwa pamoja.

Kadi ilikuwa safi, cheti cha kifo kilikuwepo, lakini tukutuku yenyewe ilishindwa ukaguzi. Breki ilivuta upande mmoja, vioo havikuwepo, nyuma hakukuwa na kitu cha kung'aa usiku. Perpétue aliamini sasa ndipo chai itakapoombwa. Badala yake Muhirwa alimwambia aende akarekebishe, arudi. Alirekebisha palepale Mbarara, kwenye karakana ya mtu aliyemwazima mashine, huku Yvette akikaa juu ya ndoo mbele ya chombo kama mlinzi wa benki.

Mara ya pili tukutuku ilifaulu ukaguzi. Mtu mmoja alikuja na nyundo na herufi za chuma, akagonga namba kwenye chasisi. Perpétue alikuwa amegonga vyuma maisha yake yote, lakini kila pigo la nyundo ile alilisikia kwenye meno.

"Afande," aliuliza wakati wa kuaga, "nani aliniripoti?"

"Hakuna mutu. Hii kitu yako iko na kelele kama mashine ya kusaga unga. Nani hatasikia?"

Hakumsadiki. Mpaka leo hajui Thaddée alipashwa habari na nani, na mpaka leo chumvi ananunua duka jingine, ingawa wanasalimiana vizuri tu.

Plaki ilipotoka, kwa majina yao yote mawili, Perpétue aliifunga mwenyewe, akakaza bolti mpaka spana ikalia. Alipogeuka kuchukua kitambaa, Yvette aliinama akazijaribu bolti zote kwa kidole. Perpétue aliona, akajifanya hakuona.

Kizito alirudi baada ya kusikia kwamba mambo yamejulikana. Wazee wa kanisa waliwakalisha. Alisema pesa ya injini yote iliishia kwenye sanduku la maiti, na kwamba alimficha Yvette ili asimwongezee uchungu. Alisema vizuri, hata mzee mmoja akaanza kutikisa kichwa kwa huruma.

"Yaya," Yvette akamwambia kwa heshima, "sanduku lilitolewa na kanisa. Hawa baba ndio balilipa."

Wazee walitazamana. Muda si mrefu duka la Kizito likahamia Oruchinga, safari hii kweli.

Sasa ile tukutuku hupeleka samaki wa Yvette Mbarara siku za soko, na siku nyingine hubeba mizigo ya watu wa Kashojwa. Wale wanawake wawili hawajawa marafiki wa kushikana mikono. Yvette hupima mafuta kwa kijiti kabla na baada ya safari. Perpétue naye hupima samaki kwa macho. Wanagombana, wanapatana, wanaendelea.

Jumapili moja Yvette aliomba afundishwe kuendesha. Perpétue alikataa. Jumapili iliyofuata akaombwa tena, akasema breki bado mpya. Alipoishiwa na sababu, walikwenda kwenye uwanja wa mpira baada ya misa. Yvette alikuwa mwepesi wa kushika. Alizunguka uwanja, akazunguka tena, kisha bila kuaga akatoka kwenye uwanja, akashika barabara, akapotelea nyuma ya mashamba ya mahindi.

Perpétue alibaki peke yake na pindo la kitenge mkononi. Vumbi lilitua. Mlio ulipungua, ukapungua, ukazimika kabisa. Watoto waliokuwa wakicheza mpira walimwona mama mzima amesimama, kichwa kimeinama upande mmoja. Alikwishaanza kuhesabu kichwani nani atamtuma polisi, na ataanza kwa kusema nini.

Ndipo akasikia ile kelele ya mashine ya kusaga unga, mbali, ikija.

Yvette aliizima mbele yake, jasho limemjaa usoni, anacheka kama mtoto.

"Nilikosa fasi ya kugeuzia," akasema.

Perpétue alimtazama sana. Halafu akapanda nyuma, kwenye sanduku, akakalia ubao.

"Endesha," akamwambia. "Lakini pole pole."